Daftari la Nesi wa Gongoni

Simtaji jina. Nimeshawahi kulitoa nje jina moja lililohifadhiwa nyumbani kwake, miaka kumi na moja iliyopita, na hilo linatosha. Gongoni nzima walimwita Nesi, nami nitamwita hivyohivyo, ingawa nilipohamia uani kwake alikuwa ameshastaafu, na sare zake nyeupe zilikuwa zimekatwakatwa kuwa vitambaa vya kufunikia vyungu.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa hesabu, nimepangiwa Tabora, sina ndugu mjini. Niliambiwa mtaa wa Gongoni kuna mama ana chumba cha uani. Nilipobisha hodi alinitazama miguu kwanza.

"Unavua viatu mlangoni?"

"Navua, mama."

"Unapiga redio?"

"Sina redio."

"Na shikamoo nayo huna?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba ni kile pale. Karibu, Mwalimu."

Kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote angekueleza kumhusu ni sauti yake. Ilikuwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya shamba, naye alikuwa akiitumia kwa mtu aliyekaa naye mkeka mmoja. Akiuliza bei ya dagaa, mtaa mzima ulijua bei ya dagaa. Tulijua nani kanunua makochi mapya, jogoo wa nani kaparamia ukuta wa nani, mwanakwaya gani alikuja mazoezini bila kujifunza sehemu yake. Kwenye kwaya ya kanisa la Moraviani walimweka nyuma kabisa, karibu na ukuta, na bado alisikika yeye. Watu walicheka wakisema ukitaka jambo litangazwe, mnong'oneze Nesi. Ilinichukua miezi kugundua kwamba kelele zote zile zilihusu vitu visivyomdhuru mtu. Kuhusu magonjwa ya watu alikuwa bubu.

Na magonjwa ya watu ndiyo yaliyojaa nyumbani mwake. Alipostaafu alibaki akijitolea. Wako watu waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi ambao hawakuwa tayari kuonekana kwenye benchi la kliniki, na kwa makubaliano na wenzake wa zamani kule kliniki, yeye aliwachukulia dawa, akawawekea. Walikuja mmojammoja na visingizio vyao. Huyu ameleta kuku wa kuuza, yule anaazima ungo, mwingine ameleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kijijini. Wakati fulani tulikuwa na michembe mingi hata nikaanza kuipeleka shuleni kwa walimu wenzangu. Walikaa dakika tano, wakaondoka na kifurushi kidogo ndani ya khanga au mfuko wa chumvi.

Alikuwa mkali sana kuhusu uongo. Watoto aliowafundisha shule ya Jumapili kanisani walimwogopa kwa hilo. Mtoto akidanganya kwamba amenawa, alishikwa mkono na kupelekwa bombani mbele ya wenzake. Lakini mimi nilimsikia akidanganya bila kupepesa macho. Siku moja mwanamume alifika na baiskeli, hakusalimia, akasimama katikati ya uwanja.

"Mama, mke wangu anafuata nini hapa kila mwezi?"

"Anajifunza kusuka mkeka," Nesi akasema.

"Mkeka?"

"Mkeka. Hukuoa mwanamke anayejua kusuka, nami namfundisha. Unataka kuuona?"

Hakukuwa na mkeka wowote. Yule mwanamume akasita, akasema atauona ukiisha, akapanda baiskeli yake. Mchana uleule Nesi alikwenda sokoni akarudi na ukili, na kwa miezi miwili yule mke akawa anakuja kila wiki, wakakaa barazani wakasuka kweli. Nesi mwenyewe alikuwa hajui kusuka. Walijifunza pamoja, wakifumua na kuanza upya, na mkeka ule ulipoisha ulikuwa umepinda kama barabara ya mlimani. Mume aliutandika sebuleni kwake kwa fahari.

"Uongo ukishauanza, Mwalimu," aliniambia, "lazima uufanyie kazi."

Kwenye karata aliiba waziwazi. Ukimkamata, alikuuliza kama mama yako alikufundisha kumtuhumu mtu mzima.

Asubuhi moja, mwezi wangu wa tatu pale, nilikuta kipande cha karatasi chini ya mlango. Kiliandikwa kwa herufi kubwa: FKDL. Nilikigeuza nyuma, hakuna kitu. Nikadhani ni namba ya kitu cha umeme.

"Mwalimu, husomi?" sauti ikatoka jikoni.

"Nasoma nini, mama?"

"Hicho nilichokuandikia. Kinapoa."

Nilikaa kizingitini na kalamu. Nilijaribu hiki na kile, na nilipomaliza jibu lilikuwa CHAI, na chai yenyewe ilikuwa baridi. Kila herufi ilikuwa imesogezwa hatua tatu mbele: C imekuwa F, H imekuwa K, A imekuwa D, I imekuwa L. Na alifabeti yake ilikuwa na herufi ishirini na nne tu. "Q na X za nini?" alisema. "Wewe umewahi kuona mtu anaugua X?"

Fumbo lile alifundishwa na marehemu mumewe, aliyekuwa mtu wa simu za upepo jeshini. Barua za kambini zilifunguliwa na kusomwa kabla hazijatumwa.

"Alitaka kuniandikia mambo ya mume na mke," Nesi alisema, kwa sauti ambayo nina hakika ilifika barabarani. "Hakutaka ofisa ayasome."

"Na wewe ulijuaje amesogeza hatua ngapi?"

"Idadi ya watoto tuliokuwa nao. Nilipojifungua wa pili, tukasogeza mbili. Wa tatu, tatu. Kila nikijifungua, ufunguo unabadilika."

"Lakini mama, huyo ofisa angejaribu hatua moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na tatu. Angemaliza mchana mmoja."

"Angejaribu. Lakini alikuwa mvivu."

Aliniambia kwamba mumewe alimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau: usihangaike kuificha njia, maana njia watu huijua tu, hangaika kuuficha ufunguo. Ofisa kujua kwamba wanasogeza herufi si kitu. Idadi ya hatua ndiyo waliyojua watu wawili tu. Baadaye, watoto walipokuwa hawaongezeki tena, walianza kutumia neno. Unachagua neno ambalo hakuna herufi inayojirudia, tuseme NYUKI. Unaliandika mwanzo, kisha unafuatisha herufi zote zilizobaki kwa utaratibu wake. Halafu unaweka alifabeti ya kawaida juu yake: A inakuwa N, B inakuwa Y, C inakuwa U, na kuendelea hivyo. Hapo mvivu na asiye mvivu wote wanapata taabu, maana hakuna hatua za kujaribu.

Ukawa mchezo wetu. Nilipochelewa kazini nilikuta ujumbe. Nami nilimwachia wa kwangu chini ya bakuli la sukari. Kuna siku aliniachia NOSJKHOEO na nikahangaika nao safari nzima ya kwenda shule, nikitafuta neno la ufunguo, kumbe herufi zenyewe hazikubadilishwa hata moja. Zilikuwa zimehamishwa nafasi tu. Alikuwa ameandika NJOO KESHO katika mistari mitatu ya herufi tatutatu, kisha akazisoma kutoka juu kwenda chini. Alicheka wiki nzima.

Nilimpenda mama yule. Naandika hivyo kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vingine.

Mimi nami nilikuwa na la kumfundisha, na nilikuwa na haraka ya kulifundisha. Siku moja ya Jumapili baada ya ibada nilimwekea gazeti mezani nikamwambia achague habari yoyote. Tukahesabu herufi pamoja. A iliziacha zote mbali sana, I ikafuata.

"Umeona, mama? Hata ukiibadilisha A ukaiita N, hiyo N itajaa ukurasa mzima. Itajitangaza yenyewe. Na maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo ukitazama mwisho wa maneno unazipata irabu zote tano. Na C haitembei bila H. Ukiona herufi ambayo kila mara nyuma yake inafuata ileile, umezipata mbili kwa mpigo."

Alikuwa anachambua mchicha. Mikono ikasimama.

"Kwa hiyo mtu akiwa na ukurasa mrefu…"

"Anafungua bila ufunguo. Anahesabu tu."

"Bila kuujua ufunguo kabisa?"

"Kabisa."

Alikaa kimya. Sikuwa nimezoea kimya chake, na niliona fahari, nikidhani nimemshangaza. Kesho yake asubuhi aliniita.

"Mwalimu. Nina daftari la bluu. Hilo si mchezo wetu. Hata ukilikuta limeanguka chini, pita."

"Sawa, mama."

"Sema vizuri."

"Sitaligusa, mama."

Wakati ule nilikuwa nimepata mchumba. Alifanya kazi kwenye duka la steshenari hapohapo Gongoni, ndiye aliyenitolea nakala za mitihani. Alikuwa na tabia ya kusoma maswali ya hesabu wakati mashine inazunguka, na mara mbili alinionyesha kosa kabla sijawapa wanafunzi. Kwao Goweko, baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku na katekista, mtu mwenye heshima zake, anayeongoza ibada ya Jumapili padri asipofika. Barua ya posa ilikuwa imeshapelekwa na mshenga, na imepokelewa vizuri. Nesi alifurahi kuliko mama yangu mzazi. Alisema siku ya mahari atakwenda Goweko yeye mwenyewe kunisemea, na kwa sauti ile, niliamini wangemsikia hata wasiotaka.

Kisha mwanakwaya mwenzake wa Ntalikwa akafariki, Nesi akaenda msibani siku tatu. Aliniachia ufunguo wa nyumba niwalishe kuku na kumwagilia mchicha.

Daftari lilikuwa kabatini, chini ya mfuko wa michembe. Ningependa kusema liliniangukia. Nilisogeza mfuko. Nilipolifungua niliona kurasa zimejaa herufi kubwa zilizonyooka, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza kadi za wagonjwa, na hakuna neno hata moja lililosomeka. Nilipiga picha kurasa nne kwa simu nikalirudisha lilivyokuwa. Nilijiambia ni hesabu tu. Nilijiambia kwamba nikilifungua nitamwonyesha kwamba haliko salama, na hivyo nitakuwa nimemsaidia. Mtu mwenye elimu hakosi sababu.

Jumamosi nilikaa chumbani tangu asubuhi. Nilihesabu. Herufi moja iliziacha nyingine zote, nikaandika A juu yake. Nikatazama miisho ya maneno, nikapata I, kisha O, kisha E. Nikaipata C na H yake. Saa nane mchana alifabeti nzima ilikuwa mbele yangu na ufunguo ukajitokeza wenyewe mwanzoni mwa mstari, neno la kawaida tu la nyumbani. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Naikumbuka furaha ile waziwazi, na nadhani ndiyo ninayoionea aibu kuliko yote, kwa sababu ilikuwa furaha safi.

Nilisema nitasoma mstari mmoja tu kuhakikisha. Kila mstari ulikuwa na jina, mahali anapokaa mtu, kisha neno moja, ama *mchele* ama *maharage*, kisha miezi. Wengi walikuwa wa mchele. Nikasoma mstari wa pili, na wa tatu. Niliwafahamu watu wale. Mmoja aliniuzia sabuni kila wiki.

Halafu, katikati ya ukurasa wa tatu, niliona jina nililolijua kabla sijalifungua, kwa umbo lake tu, kwa jinsi herufi zake zinavyorudi. Nilikuwa nimeliandika mara nyingi pembezoni mwa madaftari yangu. Umbo lile siliandiki hapa. Msomaji hodari angelifungua. Mbele yake: duka la steshenari. Maharage. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.

Sikumuuliza yeye. Sikumuuliza Nesi. Hata kuku sikuwalisha siku ile.

Jumatatu nilikwenda dukani na mtihani wa kidato cha pili. Aliuweka kwenye mashine, akaanza kuusoma kama kawaida yake.

"Swali la saba hapa…" akasema.

"Nyumbani hawajakubali," nikamkatiza.

"Kukubali nini?"

"Habari yetu."

Mashine iliendelea kutoa nakala. Aliziacha zikajaa, mpaka moja ikaanguka chini.

"Si mama yako ndiye aliyechagua kitenge cha mama yangu?"

"Wamebadilika."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea."

"Basi niambie. Nikijua nitakaa nayo. Nisipojua nitakaa nayo vipi?"

Nilisema hakuna kitu. Alizipanga nakala zangu, akazigonga mezani kingo zikalingana, akaniwekea kwenye bahasha. Akasema, "Swali la saba umekosea alama ya kutoa." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini dada yangu alipiga simu. Mshenga alikuwa ameaibika, familia inauliza, kila mtu ananiona mimi ndiye mtu mbaya. Alinibana, na mimi nikataka kuonekana nina haki. Nikasema maneno sita: "Muulizeni Nesi anampa nini kila mwezi."

Dada yangu alimwambia mshenga. Mshenga alikuwa na jamaa Gongoni na jamaa Goweko.

Kabla ya wiki mbili uwanja wetu ulinyamaza. Hakuja mtu wa kuku. Hakuja wa ungo, wala wa michembe. Nani angekuja, wakati sasa kila aliyeingia pale alijulikana anafuata nini? Duka la steshenari lilipata msichana mwingine. Nesi hakuniuliza kitu. Aliendelea kunimiminia chai, ila karatasi chini ya mlango haikuja tena. Asubuhi moja nilimkuta amechutama mbele ya jiko anachana daftari la bluu, anatia ukurasa mmoja, anangoja uungue, anatia mwingine. Nilipita. Siku zilizofuata nilimwona akitoka mapema na mfuko wa chumvi, anarudi jioni amevimba miguu. Alikuwa anawatafuta watu wake nyumba kwa nyumba, kwa kumbukumbu tu. Nilimwona na sikumsaidia kubeba hata mfuko.

Niliomba uhamisho. Nilipata Urambo, nikaoa huko, nina watoto wawili. Mke wangu hajui habari hii. Atakaposoma atajua.

Mwaka huu nililetwa Tabora kwa semina ya siku tatu, na siku ya mwisho nilitembea mpaka Gongoni. Nyumba ilikuwa ileile, pembeni mwa barabara ambayo wazee wa mtaa bado huiita njia ya Ujiji, kwa ajili ya wapagazi waliopita zamani. Chumba changu cha uani kilikuwa kimegeuzwa banda la kuku. Nesi alikuwa ameketi sebuleni na gongo la kutembelea pembeni. Amekuwa mdogo. Nilipobisha hodi, ilinibidi nitege sikio kulisikia jibu lake; sauti ile yote ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni Mwalimu huyo. Vua viatu."

Tuliulizana hali. Aliniuliza watoto wangu wangapi, nikamwambia, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika mahali. Kisha nikasema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa muda mrefu, na bado nilikisema vibaya, nikianza na semina.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu niliporudi kutoka Ntalikwa. Kuku walikuwa wanakufa njaa. Wanapiga kelele dirishani kwako, na wewe uko ndani. Nikajiuliza, Mwalimu alikuwa na kazi gani ya kumziba masikio? Na mtaani hapa nani mwingine anahesabu A?"

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ili iweje? Nilikuwa na watu wa kuwatafuta."

Nikamwuliza kama aliwapata. Akasema wengi. Wawili hakuwapata, na mpaka leo hajui walikoishia. Hakuwataja, na sikuthubutu kuuliza zaidi. Akanyoosha mguu wake kwa mikono miwili, akauweka juu ya kigoda.

"Hebu niambie," akasema. "Maharage ulidhani ni nini?"

"Dawa."

"Na mchele?"

"Nilidhani… aina nyingine ya dawa."

"Wewe ndiye uliyeniambia herufi hazifichi kitu. Nikasema basi, nitaficha na maneno yenyewe. Anayekula dawa yeye mwenyewe, mchele. Anayembebea mtu mwingine, maharage." Akavuta pumzi. "Yule binti alikuwa anambebea baba yake. Nakuambia hili kwa sababu baba mwenyewe alishalisema. Vinginevyo usingelisikia kwangu."

Alinieleza taratibu. Uvumi ulipofika Goweko, yule binti hakuweza kujitetea bila kumtoa baba yake, kwa hiyo hakujitetea. Alinyamaza, akaacha kazi, na dawa zikaacha kwenda. Baada ya miezi mitatu katekista alikuwa kitandani, hajiwezi. Nesi alipanda treni na mfuko wake wa chumvi akaenda mwenyewe. Alikaa Goweko wiki nne akimnywesha uji. Alipopata nguvu ya kusimama, Jumapili moja ambayo padri hakuja, katekista aliongoza ibada kama alivyozoea. Mwisho kabisa, kabla ya watu kutoka, akasema: "Dawa mnazomsema nazo binti yangu ni zangu. Yeye ni mzima. Mimi ndiye ninayezimeza. Aliyekuwa akimcheka, anicheke mimi." Akakaa chini.

"Walimcheka?" nikauliza.

"Wengine. Yuko hai. Bado analima."

"Na binti yuko wapi?"

"Hilo si swali lako."

Nilianza kulia, nikisema kwamba nilikosea, kwamba nilisoma vibaya, kwamba laiti ningejua maharage ni nini nisingemwacha, alikuwa mzima muda wote. Nesi aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Mwalimu," akasema. "Unaona aibu kwa sababu ulisoma vibaya."

"Ndiyo, mama."

"Ingekuwa mchele, je?"

Sikuelewa mara moja. Alinitazama usoni akingoja, kama alivyokuwa akiningoja nifungue fumbo lake. Kisha nikaelewa. Hata sasa, nikiandika, najaribu kuliweka jibu hapa na kila ninaloliandika ni la uongo.

Alitazama saa ya ukutani, akashika gongo lake.

"Sasa inuka. Kuna mgeni wangu anakuja saa kumi."

"Nitapita siku nyingine, mama."

"Pita. Lakini leo toka kwa mlango wa uani. Sitaki umwone."

Nilibeba viatu vyangu mkononi nikapita jikoni. Nilikuwa bado nafungua komeo la mlango wa uani niliposikia hodi upande wa mbele, hodi ya kwanza, ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika. Sikungoja ya pili. Nilitoka mikono yote miwili ikiwa masikioni, viatu vikining'inia shavuni, nikatembea hivyo peku mpaka mwisho wa uchochoro, nisije nikaitambua sauti.